Shati jekundu si hukumu ya kifo

Ukikaa na wapenzi wa filamu za anga pale Mwanjelwa, Mbeya, utaambiwa kwamba kwenye Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya televisheni ya 1966 hadi 1969, mhusika asiye na jina akishuka sayarini na shati jekundu, huyo ni marehemu. Kuna ukweli ndani yake, ila hesabu inakosewa.

Enterprise, chombo cha anga wanachosafiria wahusika, kina watu 430, na rangi ya shati huonyesha kazi ya mtu. Katika mchanganuo unaotumika sana, 239 huvaa nyekundu, 136 bluu na 55 dhahabu. Waliokufa wakijulikana rangi zao ni hivi: nyekundu 24, dhahabu 9, bluu 7. Anayehesabu maiti tu anaiona hiyo 24 na kufunga mjadala. Gawanya kwa idadi ya wavaaji: nyekundu asilimia 10, dhahabu 16, bluu 5. Ni kama kuzilaumu bajaji kwa wingi wa ajali bila kuangalia zilivyojaa pale Kabwe.

Tena nyekundu si ya walinzi peke yao. Mafundi wa injini na watu wa mawasiliano huivaa pia. Scotty, fundi mkuu wa injini, na Uhura, afisa wa mawasiliano, waliivaa na wakabaki hai. Wanaokufa hasa ni walinzi, maana ndio wanaotangulizwa, na mwandishi anahitaji kuonyesha hatari bila kumpoteza mwigizaji mkuu. Ujanja wa bei rahisi, lakini unafanya kazi.

Ukihamia The Next Generation, tamthilia ya Star Trek iliyofuata mwaka 1987, kanuni hiyo iache kabisa: nyekundu imekwenda kwa makamanda, Kapteni Picard mwenyewe anaivaa, na walinzi wamepewa dhahabu.