Bajaji ya nyumbani: amua matumizi kabla hujalipa

Kila mwaka, kabla ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, sisi wakaguzi wa vyombo vya moto tunashinda juani tukikagua magari, pikipiki na bajaji na kubandika stika. Zamani bajaji zilizoletwa mbele yangu karibu zote zilikuwa za vijiweni. Siku hizi naona nyingine zenye namba za njano, yaani za binafsi, viti bado vimefunikwa nailoni ya kiwandani, na mwenye chombo ni mwalimu, muuguzi au mwenye duka la dawa aliyechoka kugombania daladala na mtoto mkononi. Sina ugomvi na uamuzi huo. Kwa familia nyingi ni uamuzi mzuri. Kinachonisumbua ni kwamba maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa huja kuulizwa kwangu, chombo kikiwa kimeshazuiwa.

Nitaanza na leseni kwa sababu ndiko wengi wanakokwama.

Mwaka jana mama mmoja alifika na bajaji ya bluu, mpya kabisa, watoto wawili wa shule nyuma na mpwa wake mbele kwenye usukani. Kijana alinipa leseni bila wasiwasi. Ilikuwa hai, ya daraja D.

"Mama, huyu hana ruhusa ya kuendesha chombo hiki."

"Afande, leseni si hiyo hapo? Ameendesha gari miaka sita. Anayeweza gari atashindwa bajaji?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi mno, na naomba leo tulimalize. Madaraja ya leseni si ngazi kwamba ukishafika juu umezipita zote za chini. Kila daraja linataja aina ya chombo. D ni ya magari ya kawaida na haigusi pikipiki. A ni ya pikipiki kubwa, A1 ya pikipiki ndogo, A2 ya pikipiki za magurudumu matatu au manne, na bajaji imo humo. Mwenye D anayetaka kuendesha bajaji anaongeza daraja kwenye leseni yake: anapata mafunzo VETA au chuo kingine cha udereva kilichosajiliwa, anajifunza barabarani akiwa na leseni ya kujifunzia, anafanya jaribio mbele ya ofisa wa usalama barabarani, anapewa cheti cha umahiri, kisha TRA, Mamlaka ya Mapato, wanatoa leseni yenye daraja jipya. Utaratibu ni huo huo kwa mwalimu mkuu na kwa kijana wa kijiweni. Na mwenye chombo ajue kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamgusa yeye pia. Ukimruhusu mtu asiye na leseni ya chombo hicho akiendeshe, kosa ni la wote wawili, hata kama ulikuwa nyumbani umelala.

Mama yule alikasirika, na namwelewa. Muuzaji alimwambia bajaji "haina mambo mengi". Lakini sheria haikuligawa daraja hilo bila sababu, na sababu yenyewe unaiona ukichora pembetatu ardhini.

Weka ncha moja mbele na mbili nyuma. Hayo ndiyo magurudumu yako. Maadamu uzito wa chombo na wa watu unabaki ndani ya pembetatu hiyo, bajaji imetulia. Ukikata kona, uzito unasukumwa upande wa nje. Ukishika breki, unasukumwa mbele. Sasa fanya yote mawili kwa wakati mmoja, kama anavyofanya dereva wa gari aliyeingia kona kwa kasi kisha akashtuka: uzito unakimbilia mbele na pembeni, kwenye pembe ile ya mbele ambako gari lina gurudumu na bajaji haina. Gurudumu la nyuma la upande wa pili linanyanyuka. Kumbuka pia kwamba bajaji ya kawaida ina upana wa mita 1.3 hivi na urefu wa kwenda juu wa mita 1.7 hivi, yaani imesimama zaidi kuliko ilivyotanda. Dereva aliyefundwa hupunguza mwendo kabla ya kona, akiwa bado amenyooka, halafu anaingia. Wa gari amezoea tairi nne zimsamehe.

Ndiyo maana naudhika sana nikiona abiria amekaa mbele ubavuni mwa dereva. Watu wanadhani tunawaonea kwa ajili ya faini. Bajaji ya abiria ni dereva na abiria watatu nyuma, basi. Abiria wa nyuma wanakaa karibu na ekseli yenye magurudumu mawili, pembetatu ilipo pana. Anayebanana na dereva anaupeleka uzito mbele, pembetatu inapochongoka, tena upande mmoja, na kiwiko chake kinazuia usukani usigeuke mpaka mwisho. Mtoto akikaa pale kwa kuwa "ni mdogo tu", breki ya ghafla inamtupa kwenye kioo. Na katika bajaji ya nyumbani anayekaa pale mara nyingi ni mtoto, kwa sababu nyuma pamejaa mabegi ya shule na mzigo wa sokoni. Hesabu watu wa nyumbani kwako kabla hujanunua. Mkiwa baba, mama na watoto wanne, bajaji haiwatoshi.

Jambo la pili ni njia unayopita. Wengi huniuliza bajaji ipi ni imara, hakuna anayeniambia anaishi wapi na anafanya kazi wapi. Kutoka Mbezi mwisho kuingia ndani kilomita nne za vumbi hadi nyumbani, au kutoka nyumbani hadi shule ya watoto na soko la mtaa, bajaji inakufaa kuliko chombo kingine. Inageuka kwenye uchochoro, inakunywa mafuta kidogo, na fundi wake hakosekani. Lakini ukiniambia utatoka Kibaha kila alfajiri kwa Barabara ya Morogoro hadi Posta, nitakuomba ufikiri upya. Injini ya cc 200 hivi iliyobeba watu wanne inajikaza kufika kilomita 60 kwa saa, na nyuma yako lipo basi la mkoani na lori la mchanga. Tairi zake ni za rimu namba 8, ndogo, na shimo ambalo gari linaliruka bajaji inatumbukia. Haina mikanda, haina milango ya bati, na masika turubai la pembeni linazuia mvua na kukuzibia saitmira kwa pamoja. Njia ya mwendokasi usiiwaze kabisa, hata iwe tupu, hata uwe umechelewa.

Kabla ya kununua kodi bajaji ya mtu unayemwamini, ikiwa na dereva wake, kwa siku tano za kazi. Panda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na watoto, na mabegi, kwenye njia yako halisi. Kama kuna mlima kama ule wa Goba, upande mkiwa mmejaa. Gharama ya siku tano hizo ni ndogo ukilinganisha na fedha ya bajaji mpya, ambayo wengine huipatia gari dogo lililotumika hapa hapa nchini.

Sasa matumizi. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kuna mpango unaopendwa sana mitaani. Mtu ananunua bajaji, anaisajili binafsi, anamtafuta kijana. Asubuhi kijana anampeleka bosi kazini na watoto shule, kutwa nzima anapiga deiwaka, yaani anabeba abiria wa kulipa, jioni anamrudisha bosi na kumkabidhi hesabu, fedha ya siku. Watu wananieleza mpango huu kwa fahari, kwamba chombo kinajilipia. Hawajui kwamba dakika ile kijana alipompokea abiria wa kwanza wa kulipa, chombo kimebadilika kisheria. Kubeba abiria kwa malipo ni biashara, na biashara hiyo inataka leseni ya usafirishaji ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, chini ya Sheria ya Leseni za Usafirishaji, Sura ya 317, pamoja na usajili wa kibiashara, wenye kibao cheupe. Hata majirani watatu wanaokuchangia kila mwezi ili uwapelekee watoto shule, hiyo ni biashara. "Wananichangia mafuta tu" si utetezi.

Ukikamatwa, inakuwa hivi. Askari anakuandikia taarifa ya kosa kwenye mashine na unapewa kumbukumbu namba ya malipo. Unalipa benki au kwa simu. Humpi askari fedha mkononi, na akiomba, kataa na ukamripoti. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ni shilingi 10,000, badala ya 30,000 ya awali. Hiyo ni kwa kila kosa. Kuzidisha abiria ni kosa lake, kutokuwa na leseni ya daraja husika ni kosa lake, tairi kipara ni kosa lake. Unapewa siku saba za kulipa; usipolipa deni linaongezeka na linabaki kwenye namba ya chombo likikusubiri. Usipokubali kosa, una haki ya kwenda mahakamani, na naomba muitumie haki hiyo badala ya kugombana barabarani. Makosa ya leseni ya usafirishaji yana adhabu zake tofauti, LATRA wanazisimamia wenyewe, na hizo si za shilingi 10,000.

Lakini faini ni kitu kidogo. Kubwa ni bima. Bima ya lazima ni ile ya watu wengine, na inafuata matumizi uliyoandikisha. Uliandika binafsi, ajali ikatokea kijana akiwa na abiria watatu wa kulipa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai lako au kukudai ilicholipa. Abiria aliyevunjika mguu hatakwenda kumdai kijana wa deiwaka. Atakuja kwako, kwa sababu kadi ya chombo ina jina lako. Nimewaona watu wazima wakilia kituoni, na kiwanja kikauzwa. Mtu aliyenunua bajaji ili familia isiteseke asifikishwe huko kwa sababu ya hesabu ya siku. Ukitaka kufanya biashara, fanya, ni kazi halali na ya heshima; andikisha biashara, kata bima ya biashara. Ukitaka ya nyumbani, iwe ya nyumbani. Na hata ikiwa ya nyumbani, bima hiyo ya lazima hailipii bajaji yako ikigongwa kwa kosa lako wala ikiibiwa. Anayekwambia "bima ni stika tu ya kuwaonyesha trafiki" amekupotosha. Stika unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima nchini, kwa namba ya chombo, na uihakiki siku hiyo hiyo uliyolipa, maana zipo za kughushi.

Wanaonunua iliyotumika wana kazi zaidi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, kwa macho yako, ukiwa umepangusa vumbi. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Polisi wa mtandaoni uone madeni ya faini. Mkataba wa kuuziana mbele ya wakili haukufanyi mmiliki. Anayetambulika ni aliye kwenye kadi, na jina linabadilishwa TRA. Nimekutana na bajaji iliyopita mikono minne, kadi bado ya mtu wa kwanza ambaye hakuna anayejua alipo. Chombo kama hicho ukipata nacho ajali au kikiibiwa utahangaika sana.

Halafu kikague chenyewe. Mwombe fundi anyanyue gurudumu la mbele, wewe ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha, na gurudumu hilo moja ndilo linalobeba usukani wako wote. Endesha taratibu mahali tupu, ushike breki: ikivuta upande mmoja, breki shu hazilingani. Sikiliza kama spaida nyuma, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, vinagonga unapoachia moto. Vuta handibreki mlimani, halafu ushuke uiangalie kama inasimama kweli.

Iliyofungwa mfumo wa gesi ina swali lake: imefungwa wapi? Gesi asilia iliyoshindiliwa hukaa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa bar 200 hivi, na mtungi huo uko nyuma ya mgongo wa watoto wako. DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na karakana nyingine zilizoidhinishwa zinafunga na kutoa cheti. Mtungi usio na cheti, au uliochomelewa kishikizo chake gereji ya mtaani, sitaupitisha, na usinibembeleze. Gesi ni nafuu kuliko petroli na sina neno nayo. Angalia tu kituo cha kujazia kiko mbali kiasi gani na njia yako, maana foleni za kujaza zinaweza kukuchelewesha kuliko daladala uliyoikimbia.

Ukija kwetu kukaguliwa, njoo na kadi yenye jina lako, leseni ya dereva yenye A2, bima uliyoihakiki na cheti cha gesi kama ipo. Mje bila abiria, tairi la akiba likiwa na upepo, na indiketa zote nne zinawaka. Njoo asubuhi mapema. Ukaguzi wa bajaji iliyo sawa hauchukui muda mrefu.