Ikama ya polisi: fedha ikipita barazani, askari anatoka wapi?

Nimeshughulika na ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika, na bajeti za mishahara za halmashauri kwa miaka mingi. Kila ninaposikia baraza la jiji fulani linataka kuongeza polisi, kwanza natafuta safu mbili kwenye makabrasha: nafasi zilizoidhinishwa na watumishi waliopo.

Kwetu Tanzania suala hili halifiki mezani kwa madiwani. Polisi ni wa serikali kuu, jiji linabaki na mgambo wake. Marekani jiji lenyewe ndilo huajiri askari, huwalipa, na huulizwa na wananchi wakipungua.

Mfano ninaoutumia sana ni Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota. Tangu 1961 katiba ya jiji hilo inalitaka baraza ligharamie polisi wasiopungua 0.0017 kwa kila mkazi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 429,954. Zidisha: 730.9, yaani 731. Mwanzoni mwa 2020 idara ya polisi ya jiji ilikuwa na askari karibu 900. Mwezi Mei George Floyd, Mmarekani mweusi, akauawa mikononi mwa polisi, mitaa ikawaka moto, na ndani ya miaka michache mamia ya askari wakaondoka, wengi kwa madai ya kuathirika kisaikolojia. Wakati huohuo madiwani tisa walipanda jukwaani wakaahidi kuivunja idara yenyewe.

Wakazi wanane wa kaskazini mwa jiji, waliochoka kusikia risasi mitaani kwao, walikwenda mahakamani. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua kwamba baraza limetimiza wajibu wake, kwa kuwa fedha imetengwa. Anayedaiwa ni meya: aajiri hao 731, au aeleze kwa nini ameshindwa. Fedha ilikuwepo, watu hawakuwepo.

Hapa ndipo hesabu ya lindo inapoingia, na inaniuma kuona madiwani wakipiga kura bila kuelezwa. Wiki ina saa 168. Askari mmoja anafanya kazi saa 40. Lindo moja la usiku na mchana linahitaji watu 4.2, na hapo hakuna aliyeugua, aliyekwenda likizo, mafunzoni, wala aliyeitwa kutoa ushahidi mahakamani. Ukiyaweka hayo, unafika watano na ushee. Gari moja la doria lenye askari wawili linakula zaidi ya kumi. Kwa hiyo diwani anayejivunia askari 20 wapya hajafikisha hata magari mawili ya kudumu.

Nafasi zikiwa wazi, mishahara yake huishia kwenye malipo ya saa za ziada. Askari anaitwa siku yake ya mapumziko, wiki baada ya wiki, mpaka anaomba kazi mji wa jirani wenye utulivu. Anayebaki anabeba zamu zake na za aliyeondoka.

Mwishoni mwa 2023 madiwani wa Minneapolis walikataa mpango wa dola milioni 15 wa kuwapa askari bakshishi ili wabaki na wapya wavutiwe. Julai 2024 wakapitisha mkataba wa hali bora wenye nyongeza ya mshahara ya asilimia 21.7 kwa miaka mitatu. Naunga mkono njia ya pili. Bakshishi ikishatafunwa imekwisha, mshahara unamfuata mtu mpaka kwenye pensheni yake.

Lakini mshahara peke yake hautoshi. Aprili 2022 Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo ilithibitisha ubaguzi wa rangi uliozoeleka katika polisi hao. Mama wa kaskazini anayetaka gari la doria lipite mtaani kwake ndiye huyohuyo anayehofia mwanawe kusimamishwa nalo. Kurekebisha hilo kunadai masajenti wa kusimamia vijana wapya, na sajenti hapatikani kwa tangazo la ajira. Anatokana na askari aliyedumu.

Ndiyo maana diwani akiniomba ushauri, namwambia adai safu ya tatu kwenye makabrasha yake: walioacha kazi mwaka huu, na kila mmoja alikuwa amekaa miaka mingapi.