Kibodi ya Mkunazini: si telegrafu, si kinanda, wala haina dhahabu

Ilikuwa chini ya gunia la makumbi, ghalani kwa ami yangu Mkunazini, Unguja, imeviringishwa kwenye kanga iliyokwisha kuoza. Tuliitoa nje barazani, na kabla vumbi halijafutwa ilikuwa imeshapewa majina manne. Nilihesabu vitufe mara mbili: 122. Juu vimepangwa safu mbili za F, kuanzia F1 mpaka F24. Kushoto kuna vyengine kumi peke yao. Waya wake mnene umejikunja kama wa simu ya mezani, na mizani ya duka la viungo ilitupa zaidi ya kilo mbili. Maneno niliyoyasikia siku ile nimeyasikia tena Darajani, na tena kwa wauza skrepa wa Mwanakwerekwe, kila kitu cha aina hii kinapojitokeza. Nayaandika hapa pamoja na ukweli wake.

"Hii ya zama za telegrafu"

Mzee aliyesema hivi hakukurupuka. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 ukitokea Aden, na jumba la simu lile lipo hadi leo pale Shangani. Ndiyo hoteli ya Serena. Mtu aliyekulia mjini akiona kitu cha kupelekea maneno, akili yake inakwenda huko.

Lakini vitufe vyenyewe vinamkatalia. Hata mashine za teleks, za kupelekea maandishi kwa waya, zilizokuja miaka mingi baadaye, zina safu tatu au nne tu za vitufe na hazina F hata moja. F24 ni habari nyengine kabisa: ni alama ya kibodi za teminali za IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, na mpangilio huu wa vitufe 122 ni wa miaka ya 1980.

Teminali si kompyuta, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Fikiria kisima kimoja na ndoo nyingi. Kompyuta ilikuwa moja, kubwa, imefungiwa chumbani na viyoyozi vyake. Mezani kwa makarani kulikuwa na skrini na kibodi tu, havifikirii chochote, vinapeleka na kupokea. Ukoo wa teminali wa IBM uitwao 3270 ulianza mwaka 1971, na wale walioufanyia kazi walihitaji vitufe ambavyo kompyuta ya nyumbani haina.

Kwa hiyo soma kofia za vitufe kabla hujasoma kitu chengine. Ukikuta "PA1", "ErInp" au "CrSel", uko kwenye 3270. "Field Exit" inakupeleka kwenye ukoo mwengine wa IBM, ule wa 5250, uliotumika na mashine kama AS/400. "Do", "Find" na "Insert Here" ni maneno ya kampuni ya Digital. Kibodi yao maarufu, LK201, ilitumika na teminali ya VT220. Ukiona alama ngeni mfano wa Kigiriki kilichovurugika, usikimbilie kusema hirizi: yumkini ni alama za APL, lugha ya kuandikia programu ambayo ina herufi zake wenyewe. Yetu ilikuwa na "PA1" na "PA2", na kwangu jambo hilo lilimaliza mjadala. Si kwa wengine.

"Ni ya taarab"

Alisema kijana mmoja, kwa kuwa siku hizi kinanda cha jukwaani nacho huitwa kibodi. Tulicheka, tukaendelea.

"Itikise usikie, ndani mna dhahabu"

Kweli ilikuwa inalia. Ukiinamisha, kitu kinateleza ndani, chakacha, kama mchele kwenye ungo. Mmoja akanong'ona habari ya zebaki nyekundu, mwengine dhahabu, na wa tatu alikuwa tayari na bei.

Kinacholia ni plastiki. Ndani ya kibodi ya IBM aina ya Model M kama hii yetu, iliyoanza mwaka 1985, bamba la chuma limeshikwa na sehemu ya juu kwa ribiti ndogo nyingi za plastiki. Plastiki hiyo ikizeeka hukatika, na vichwa vya ribiti vinabaki kutembea humo ndani. Ukivisikia vingi, usifurahi: kadiri vinavyokatika ndivyo bamba linavyolegea, na vitufe vinaanza kugoma sehemu moja moja. Mafundi hutoboa mahali pa ribiti zilizokatika na kutia skrubu nyembamba na nati.

Dhahabu? Swichi za vitufe za Cherry MX, za kampuni ya Ujerumani, zina ncha za kugusana zilizotiwa dhahabu, lakini ni chembe. Anayevunja kibodi nzima kuifuata atakuwa ameua punda kwa ajili ya kwato. Zebaki humu hakuna. Zipo kibodi za zamani zenye vijichupa vya kioo na sumaku chini ya kila kitufe, na huenda ndizo zilizozaa uvumi. Ndani ya kile kioo mna vibamba viwili vyembamba vya chuma vinavyovutwa na sumaku vikagusana, basi.

"Inayolia tak tak ndiyo ya mekanika, isiyolia ni ya mpira"

Ya mekanika, kila kitufe kina swichi yake; ya mpira, vitufe vinakalia vikombe vya mpira. Hii inasemwa hata na watu wanaojua kompyuta, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi, maana sauti inadanganya pande zote mbili.

Chomoa kofia ya kitufe kwenye Model M. Utaona springi imesimama ndani ya kijibomba. Ukibonya, springi inakandamizwa mpaka ikifika mahali inapinda ubavuni kwa ghafla, inagonga ukuta wa kijibomba, na mguu wake unainamisha kigongeo kidogo kilicho chini. Ile tak ndiyo springi ikipinda. Ufundi huu ni wa Richard Harris wa IBM, miaka ya 1970. Sasa kinachofuata: katika Model M kile kigongeo kinabonya karatasi mbili za plastiki zenye njia za umeme, jamii ileile ya zilizomo kwenye kibodi ya bei rahisi ya leo. Katika kaka yake, Model F ya mwaka 1981, hakuna kinachogusana kabisa: kigongeo kinainama juu ya ubao wa saketi, na ubao unahisi badiliko la chaji. Sauti zinakaribiana, ndani ni mbingu na ardhi.

Kisha zipo zinazolia kwa hila. Baadhi ya kibodi za teminali za IBM za miaka ya 1970 zilitiwa solenoidi, yaani nondo ndogo inayosukumwa na umeme, kazi yake kugonga kila kitufe kinapobonywa ili karani ajue amesikika. LK201 ina spika ndogo inayotoa mlio wa kitufe. Zizime umeme, mlio huo wa hila unanyamaza. Upande wa pili, Cherry MX nyeusi ni swichi ya mekanika halisi na wala haina tak; inashuka laini mpaka chini.

Basi usisikilize. Chomoa kofia moja, taratibu, uangalie: springi kwenye kijibomba, shina lenye umbo la msalaba (ndiyo Cherry MX), mpira, au sumaku.

"Imegeuka manjano, kwa hiyo ni kuukuu sana"

Manjano inategemea plastiki na jua kuliko umri. Plastiki ya ABS hugeuka rangi. Ya PBT, iliyotumika kwenye kofia za Model M, hustahimili. Kibodi iliyokaa miaka mitano dirishani inaweza kuwa ya manjano kuliko iliyolala miaka thelathini chini ya makumbi.

"Isafishe kwanza, ndipo uitafute ni ya nini"

Hapa nina uchungu wangu. Kitambulisho bora kuliko vyote ni karatasi iliyobandikwa mgongoni: namba ya kipande, namba ya kiwanda, tarehe. Kwa mashine za Marekani tarehe huweza kuanza na mwezi, na nyingi za IBM za Ulaya zilitengenezwa Greenock, Uskochi. Nilikuwa nimekwenda kuswali alasiri. Mpwa wangu, kwa nia ya kunifurahisha, aliugeuza mgongo ule na kuupangusa kwa thina. Niliporudi, karatasi ilikuwa nyeupe peee.

Kofia za vitufe huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, zikakaushwa kivulini. Thina haihusiki popote. Hata gamba la ABS hulilamba. Na kabla ya tone la kwanza la maji, piga picha mgongo.

Tarehe tuliipata kwa njia ya pembeni. Skrubu za Model M zina kichwa cha pembe sita na zimezama ndani ya mashimo marefu, spana ya kawaida haifiki. Inataka boksi jembamba la milimita 5.5, na tuliliazima kwa fundi vespa wa mtaa wa pili. Juu ya chipu moja mlikuwa na tarakimu nne: 8731. Mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki; yaani wiki ya 31 ya mwaka 1987. Hiyo ni siku ya chipu, si ya kibodi. Chipu huwahi, kibodi hufuata. Ukikuta chipu kadhaa, shika ile iliyo changa kuliko zote, useme tu kwamba kibodi haikuzaliwa kabla yake.

"Plagi ikiingia, itafanya kazi"

Hapa mtu anaweza kuunguza kitu. Plagi ya duara ya pini tano ilitumika kwenye kompyuta ya IBM ya 1981 na kwenye kompyuta yake nyengine, AT ya 1984, umbo moja, lakini kibodi zake zinasema lugha mbili tofauti. Unachomeka, na hakuna herufi inayotoka. Ya kwetu nayo ina pini tano, ila zimetandazwa nyuzi 240, zinakaribia kufunga duara, badala ya nyuzi 180 za nusu duara. Teminali nyengine zina plagi kama ya intaneti.

Hatari kubwa ni zile za kampuni za Digital na Wyse, ambazo plagi yake ni ndogo mfano wa ile ya mkono wa simu. Mtu anaitafutia tundu ukutani. Laini ya simu ya mezani ina volti kama 48, na ikiita hupanda zaidi. Kibodi nyingi zinataka 5. LK201 inataka 12, kwa hiyo hata ukiiunga kwenye 5 za kompyuta ya leo haiamki, na mwenyewe anadhani imekufa.

"Basi haina kazi tena"

Inayo. Waya wa kibodi za IBM za aina hii unabeba mambo manne: umeme, ardhi, data na mapigo ya kuongoza data. Ukiyaunganisha na kibamba kidogo cha saketi kama Teensy, chenye programu ya bure ya kutafsiri lugha ya teminali (kitaalamu seti ya tatu ya misimbo), upande wa pili inatoka USB ya kawaida. Mpwa wangu ndiye aliyeiunga. Nadhani alikuwa analipa deni la thina. Vitufe 119 vinaandika. F17 na viwili vya kushoto bado, springi zake zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari, na fundi vespa anasema atatafuta waya wa unene ule. Nimemwambia asitafute: springi isiyo na kipimo chake haitapinda inapotakiwa.