Bolt alikuwa haongezi spidi mwishoni jamani

Kila tukianza kubishana kuhusu Usain Bolt, yule mkimbiaji wa Jamaika wa mita 100 aliyestaafu 2017, lazima atokee mtu aseme eti jamaa alikuwa anaanza taratibu halafu kwenye mita 20 za mwisho anaongeza gia anawaacha wenzake wamesimama. Hapana. Mwishoni hata yeye alikuwa anapunguza, wote wanapunguza, mwili unakuwa ushachoka.

Chukua fainali ya mashindano ya dunia ya Berlin 2009, ile rekodi ya dunia ya sekunde 9.58. Kutoka mita ya 60 mpaka ya 80 alitumia sekunde 1.61, hapo ndo alikuwa anapaa kweli, zaidi ya kilomita 44 kwa saa, halafu mita 20 za mwisho akatumia 1.66. Umeona? Kashuka. Ila wenzake walishuka kuliko yeye, ndo maana kwenye tivii unaona kama kakanyaga mafuta, ni kama uko kwenye basi, basi la pembeni likipunguza mwendo unahisi la kwenu ndo limechomoka.

Na hilo la kuanza taratibu nalo, Berlin pale mwanzoni hakuachwa na mtu!

Kilichokuwa kinambeba ni hatua ndefu. Ana urefu wa mita 1.95, alimaliza mbio kwa hatua 41 hivi, wengine wanahitaji kama 44 au 45. Mimi nikirudia ile fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008 bado nasisimka, mikono kaachia, kifua anapiga kabla ya mstari, kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka, na saa inasoma 9.69.