Saa ya kifo, na mengine anayokosea daktari wa maiti riwayani

Katika riwaya nyingi za upelelezi daktari wa maiti ana kauli yake maarufu. Anainama, anashika mkono wa marehemu, anamgeukia inspekta na kusema: "Aliuawa kati ya saa 3:30 na saa 4:00 usiku." Anayeijua kazi hii hukifunga kitabu hapo hapo. Hakuna mwanapatholojia makini anayetaja nusu saa, na mwandishi anayempa mhusika wake uwezo huo anaitupa nyenzo bora aliyonayo, yaani mashaka ya kitaalamu.

Chukua joto la mwili. Mtu aliye hai ana nyuzi 37 hivi. Akifa, joto la ndani hukawia kwanza, halafu ndipo lishuke, na ile kanuni ya nyuzi moja kwa kila saa ni ya kukisia tu. Njia inayoheshimika zaidi ni chati ya Mjerumani Claus Henssge. Inataka joto la ndani lililopimwa kwa kipimajoto kirefu kupitia njia ya haja kubwa, joto la hewa ya mahali, uzito wa mwili, na namba ya kurekebisha kulingana na nguo, upepo au maji. Ukiwa navyo vyote na mazingira yasiwe yamebadilika, jibu bado linayumba kwa saa 2.8 kila upande. Hilo ni dirisha la zaidi ya saa tano na nusu, nalo ndilo bora kabisa. Marehemu akiwa alikuwa na homa, au mtu akiwa amefungua dirisha la chumba kabla polisi hawajafika, hesabu yote inaharibika. Tena kipimajoto hicho hakiingizwi kabla ya kuchukua sampuli iwapo kuna shaka ya kubakwa. Mhusika anayekimbilia kupima joto kwanza ameharibu ushahidi, jambo ambalo wakili wa utetezi angelifurahia sana.

Ukakamavu wa misuli nao hauna saa kamili. Kwa kawaida huonekana kwanza kwenye taya na misuli midogo saa chache baada ya kifo, hukamilika baada ya saa 6 hadi 12 hivi, hudumu takriban siku nzima, kisha hulegea. Joto huuharakisha, baridi huuchelewesha, na mtu aliyekufa akikimbia au akipigana hukakamaa mapema kwa sababu misuli yake ilikuwa imekwisha kuishiwa nguvu za kikemikali. Jambo linalosahaulika ni kwamba ukishaunyoosha kwa nguvu mkono uliokakamaa kabisa, haurudi tena. Kiwiko kimoja kilicholegea katika mwili uliokakamaa kote kinaweza kumaanisha kuwa kuna aliyeushika, na huyo anaweza kuwa muuaji, jamaa aliyejaribu kumwamsha, au wabeba machela.

Mimi nikiulizwa ni dalili ipi inayowafaa waandishi kuliko zote, nitataja damu inayotuama. Moyo ukisimama, damu huteremkia upande wa chini na ngozi hupata rangi ya zambarau, isipokuwa pale mwili ulipogandamizwa na sakafu au mkanda wa nguo, ambapo hubaki peupe. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole rangi hutoweka, ila baada ya saa 8 hadi 12 hivi kwa kawaida huwa imeganda na haihami tena. Maiti iliyokutwa kifudifudi huku rangi hiyo ikiwa mgongoni ilikaa chali kwa saa nyingi kabla ya kugeuzwa. Hapo daktari hajamtaja muuaji wala dakika, lakini ameshavunja maelezo ya shahidi. Rangi ikiwa nyekundu ya kung'aa, waandishi hukimbilia gesi ya kaboni monoksidi. Ni sawa kuishuku, lakini baridi kali na jokofu la mochwari hutoa rangi inayofanana nayo, kwa hiyo damu lazima ipimwe.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Riwaya hupenda kisu cha kwanza kifuani, ilhali sehemu kubwa ya kazi hutangulia kisu: kupiga picha mwili ukiwa na nguo, kufunika mikono kwa mifuko ya karatasi (ya plastiki hutunza unyevu na kuozesha kilicho chini ya kucha), kupiga eksirei ikiwa kuna shaka ya risasi, kupima kila jeraha na umbali wake kutoka kisigino na mstari wa kati wa mwili. Baadaye viungo hupimwa uzito kimoja kimoja. Moyo wa mwanamume mzima huwa na gramu 300 hadi 350 hivi, na ukikuta wa gramu 550, yule aliyeonekana kunyongwa ana sababu nyingine ya kufa inayopaswa kujadiliwa.

Shingo ndipo kesi nyingi huanguka. Ukishuku kunyongwa, unafungua kwanza fuvu na kutoa ubongo, unatoa viungo vya kifua ili damu ya mishipa ya shingo imwagike, unaweka gogo chini ya mabega, na hapo ndipo unaipasua shingo tabaka kwa tabaka. Ukianza na shingo, mishipa iliyojaa hukatika, na damu yake hupenya kwenye nyama iliyo nyuma ya koo na kufanana kabisa na mvilio wa vidole vya mnyongaji. Prinsloo na Gordon walilieleza kosa hili Afrika Kusini mwaka 1951. Nashangaa halitumiki zaidi katika hadithi: uchunguzi wa kwanza ulifanywa haraka, wa pili unaukana, na mtu yuko rumande kwa mvilio uliotengenezwa na kisu cha daktari. Mfupa wa hayoidi, ule mdogo ulio juu ya zoloto, nao umepewa sifa kupita kiasi. Kwa vijana hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo mfupa mzima hauondoi unyongaji. Vidoadoa vyekundu vya machoni, ambavyo huchukuliwa kuwa dalili ya kunyongwa, pia hutokea kwa moyo kushindwa kufanya kazi.

Damu ya kupima sumu huchotwa kwenye vena ya paja, wala si moyoni, kwa kuwa baada ya kifo dawa nyingi huvuja kutoka kwenye ini, mapafu na misuli ya moyo na kupandisha kiwango kwenye damu iliyo karibu. Dozi ya kawaida inaweza kuonekana ya kuua. Chupa huwekwa floridi ya sodiamu ili vijidudu visitengeneze pombe ndani yake. Majibu huchukua siku au wiki, hayaji kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu visu nitasema moja tu: kina cha jeraha si urefu wa kisu. Tumbo hubonyea likichomwa kwa nguvu, na kisu cha sentimita 10 kinaweza kufika sentimita 15.

Mambo halisi yanatosha kumpa mwandishi ujasiri. Mwaka 1949 John Haigh wa Uingereza alimyeyusha mjane kwenye pipa la asidi ya salfa akiamini kuwa bila maiti hakuna kesi. Mwanapatholojia Keith Simpson alikagua uwanja wa karakana na kuokota vijiwe vya nyongo. Meno bandia ya plastiki yaliyosalia yakatambuliwa na daktari wa meno, na Haigh akanyongwa mwaka huo huo. Bernard Spilsbury naye, mwanapatholojia mwingine wa Uingereza, mwaka 1924 aliwakuta polisi wakishika mabaki ya mwili kwa mikono mitupu, na kutokana na hapo Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ikaandaa begi la kazi lenye glavu za mpira, koleo na mifuko ya vielelezo. Huyu Spilsbury ndiye ningemshauri mwandishi amsome kwa upande wa pili pia. Alizungumza kizimbani kwa uhakika mkubwa hata baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, likamwamini yeye kuliko ushahidi wenyewe, na baadhi ya hukumu hizo zimehojiwa baadaye.

Mhusika wa aina hiyo, stadi na asiyejua kusema "sijui", ana uzito kuliko yule anayefukuzana na muuaji kwenye maegesho. Kazi yake ni kutaja sababu ya kifo, na katika mifumo kama ya Marekani, pia namna yake: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, au haijabainika. Kumhoji mshukiwa ni kazi ya polisi. Hilo chaguo la tano ndilo mwandishi afungulie kesi nalo, kwa kuwa familia, polisi na bima kila mmoja atataka libadilishwe kwa sababu yake mwenyewe.