Kuoga hakuui kesi ya ubakaji

Nchini Kenya bado wengi huamini kwamba aliyebakwa akishaoga, au akikosa shahidi aliyeona, hana kesi tena. Si kweli. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake.

Kuoga hupunguza ushahidi wa kimaabara, ndiyo, lakini michubuko hubaki, nguo hubaki, na maelezo yake hubaki. Nguo zisifuliwe. Zikiwa na unyevu, zianikwe kivulini kwanza, kisha kila moja itiwe kwenye bahasha yake ya kaki. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu, na chembechembe zikaharibika. Kosa hili dogo hutokea mno.

Aende hospitali kwanza. Matibabu hayasubiri polisi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, kadiri mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Hapo hospitalini daktari hujaza fomu ya PRC, yaani fomu ya huduma baada ya kubakwa, nakala 3, na moja ni ya mwathiriwa: aidai, asiondoke bila hiyo. Kituoni apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, ambayo daktari ataijaza akitazama ile PRC. Maelezo yakipishana hapo, wakili wa mshtakiwa ndipo atakapobana.