Je, wajua? Kerneli, kiini cha Linux, huandika "amekataliwa" huku mtu ameshapita

Siku nzima nilibishana na seva ndogo ya Linux katika duka moja la Mwanga, Kigoma. Logi, yaani kumbukumbu za mfumo, ilijaa neno "denied" (amekataliwa): programu ya tovuti imekataliwa kusoma picha ya bei. Nikabadilisha ruhusa za faili, nikawasha upya, wapi! Na picha yenyewe, muda wote huo, ilikuwa inafunguka vizuri kwenye simu ya mwenye duka.

Mwishoni mwa kila mstari, nisipowahi kufika kusoma, paliandikwa "permissive=1". Yaani sera ya SELinux, mlinzi wa ziada ndani ya kerneli mwenye kanuni za nani aguse nini, iko kwenye majaribio.

Nilidhani majaribio ni sawa na kuzima ulinzi. Sivyo. SELinux, iliyotolewa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 2000 na kuingia kwenye Linux 2.6 mwaka 2003, ikizimwa haikagui chochote, hata faili mpya huzaliwa bila lebo ya usalama ambayo kanuni zake husoma. Ikiwa kwenye majaribio hukagua, huhukumu na huandika. Inachoacha ni kuzuia tu. "Denied" ni hukumu ya sera, si habari ya kilichotokea.

Chukulia mwalo wa Kibirizi umepata mlinzi mpya mwenye orodha: nani apakie mafuta, nani abebe dagaa. Orodha imeandikwa ofisini na watu wasiowahi kulowa miguu. Akianza kuzuia leo, mchukuzi ataishia getini, na hutajua kama angekwama pia kwenye mzani na kwenye boti. Basi apewe daftari: asiyemo mwandike, mwache apite. Makosa yote matatu yataonekana.

Ila daftari halina kila kitu. Mlinzi wa zamani, yaani ruhusa za kawaida za faili, bado yuko mbele na anazuia kweli. Aliyerudishwa naye hamfikii huyu wa pili. Na kosa lilelile likirudiwa, mlinzi mpya anaweza asiliandike tena, kwa hiyo kuhesabu mistari hakusaidii sana.

Hata Android, inayotumia SELinux, ilipitia daftari: toleo la 4.3 la mwaka 2013 liliandika tu, na 5.0 la 2014 ndilo likazuia kikamilifu.

Kinachobaki ni kuchagua wiki ya majaribio. Ikiangukia mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao, daftari linabaki jeupe. Seva ile ya Mwanga hunakili data zake usiku wa mwisho wa mwezi. Niliusubiri. Ulileta mistari 11 mipya.